Picha na kaseti za ukoo: mwongozo kamili wa kuzipanga na kuzihifadhi kidijitali

Kazi hii wengi huianza na kuishia njiani, na karibu wote hukwama mahali pamoja. Mtu anapata skana au simu nzuri, anapiga picha mia tano kwa wikendi mbili, anazimwaga kwenye kundi la WhatsApp la familia, basi. Mwaka ukipita kuna faili mia tano zinazoitwa IMG na namba, hakuna ajuaye nani ni nani, na zile zilizopita WhatsApp zimefinywa kiasi kwamba ukitaka kuchapisha moja ya kuweka kwenye fremu, nyuso zinatoka kama zimepakwa maji. Simu ikiibwa teksini, kazi yote imekwenda.

Tatizo ni mpangilio wa hatua. Skana utakayoikosa leo utaipata mwaka ujao. Shangazi anayewajua watu kumi na wanne waliosimama mbele ya kanisa huenda mwaka ujao asikumbuke, au asiwepo. Kwa hiyo hapa majina yanatangulia na mashine inafuata. Tafadhali usiruke hatua ya 3, hata kama skana tayari iko mezani.

## Vifaa vya kuwa navyo

Skana bapa ya kioo. Canon LiDE 300 inatosha kwa picha za karatasi. Inakula umeme kupitia waya wa USB, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea kwa chaji ya laptopu. Udhaifu wake: huona vizuri kile tu kinachogusa kioo, picha iliyojikunja itatoka na ukungu pembeni. Negativu haiwezi kuzisoma. Kama mna negativu nyingi, tafuteni yenye taa kwenye mfuniko, kama Epson Perfection V600, ingawa hiyo inahitaji umeme wa ukutani.

Simu yenye kamera nzuri, ikiwa skana haipatikani. Njia yake nitaieleza kwenye hatua ya 5.

Vitu vidogo: brashi laini mpya ambayo haijawahi kuguswa na rangi wala poda, mpira wa kupulizia vumbi, kitambaa cha kufutia miwani, uzi wa kusafishia meno, penseli laini ya 4B au 6B, bahasha za karatasi, na daftari nene.

Diski mbili za nje za TB 1 au zaidi. Nunua duka ambalo litakuandikia risiti na kukubali kuijaribu mbele yako. Diski bandia zipo: zinaonyesha ukubwa usio wao, ukizijaza zinaanza kufuta kilichotangulia bila kukuambia. Ukifika nyumbani ijaze faili zozote, kisha uzifungue za mwanzo na za mwisho kabla ya kuiamini.

Vya video, yaani deki, waya na kifaa cha kunasa (kinachoingiza video kwenye kompyuta), usinunue bado. Kwanza ujue mna kaseti za aina gani.

## Hatua ya 1: Orodhesha kilichopo na kilipo

Usibebe kitu kwanza. Zunguka au piga simu, uandike kwenye daftari nani ana nini: "Albamu ya kijani, kwa shangazi Fort Portal, picha kama 80." Katika koo nyingi hapa Uganda albamu hazikai kwa mtu mmoja. Ziligawanywa baada ya msiba, au binti aliolewa nazo. Uliza pia za kwenye fremu ukutani, zilizobanwa ndani ya Biblia au Msahafu, picha za pasipoti kwenye vitambulisho vya kazi vya zamani, na simu za vibonyezo zilizosahauliwa droo zikiwa na kadi zao za kumbukumbu ndani.

Watu hawaachii albamu kirahisi na wana haki: aliyeazima mara ya mwisho hakurudisha. Mwandikie mwenye mali karatasi yenye idadi ya picha, hali yake na siku ya kurudisha, muitie sahihi wote wawili. Azima albamu moja, irudishe salama, ndipo uombe ya pili. Asipotaka itoke nyumbani, mfuate na skana yako, maana LiDE inaingia kwenye begi la laptopu. Binafsi naiona hii kuwa njia bora kuliko kuazima, kwa sababu mwenye kujua majina utamkuta hapo hapo.

Kila chanzo kipe herufi. Za shangazi ni A, za baba mdogo ni B. Herufi hiyo haibadiliki tena.

## Hatua ya 2: Zipe namba, kisha chuja

Kabla ya kutoa picha hata moja kwenye albamu, piga kila ukurasa kwa simu kama ulivyo. Mpangilio wa ukurasa ni ushahidi: picha iliyowekwa kati ya ubatizo na sikukuu ya Krismasi huenda ni ya mwaka uleule, na ukishaitoa ushahidi umepotea.

Sasa weka namba: herufi ya chanzo, namba ya albamu, namba ya picha. Picha ya 17 kwenye albamu ya pili ya shangazi ni A2-017. Zile sufuri ni muhimu, bila hizo baadhi ya programu zitapanga 10 kabla ya 2.

Namba uiandike wapi? Picha za zamani za karatasi nene isiyong'aa mgongoni hupokea penseli laini. Andika kwa mkono mwepesi, ukingoni, picha ikiwa juu ya kioo au meza ngumu. Picha za rangi zenye mgongo wa plastiki hukataa penseli. Hizo zitie kwenye bahasha, na bahasha iandikwe *kabla* ya picha kuingia. Kalamu ya wino usiiguse: ncha yake inachora hadi upande wa sura, na wino usiokauka unahamia kwenye uso wa picha inayofuata.

Halafu chuja. Hakuna haja ya kuskani picha kumi na mbili za keki ileile. Lakini usichague kwa uzuri. Zitangulie zinazoharibika, zinazojulikana na mzee mmoja tu, na zisizo na nakala kwingine. Picha chafu ya mtu ambaye sura yake haipo popote pengine ina thamani kuliko albamu nzima ya arusi ya juzi.

Ukimaliza hatua hii uweze kumwambia mtu "nipe A2-017" akaipata ndani ya dakika moja. Akishindwa, rekebisha kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 3: Kaa na wazee, chukua majina

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo, upe muda.

Nenda asubuhi, mzee akiwa hajachoka. Picha thelathini au arobaini kwa kikao zinatosha. Washa kinasa sauti cha simu baada ya kumwomba ruhusa, uweke simu katikati, na kila unapoinua picha taja namba yake kwa sauti: "Mzee, hii ni A2-017." Ukisikiliza baadaye utajua anazungumzia ipi. Usimkatize akihama kutoka kwenye picha kwenda kwenye kisa. Kisa ndicho kinachotoa jina la tano na la sita.

Wazee wawili pamoja ni bora kuliko mmoja, kwa sababu wanakumbushana. Watano ni kelele. Wakibishana, andika majibu yote mawili na nani alisema lipi. Usiamue wewe.

Uliza kwa matukio, usiulize mwaka. "Hii ni mwaka gani?" hujibiwa "zamani." Jaribu hivi: ilikuwa kabla au baada ya Amin kuondolewa, 1979? Papa John Paul II alipokuja Februari 1993, huyu mtoto alikuwa ameanza kutembea? Ilikuwa kabla ya Kabaka Mutebi, mfalme wa Buganda, kutawazwa Julai mwaka uleule? Wazee zaidi watakumbuka ziara ya Papa Paul VI ya 1969. Vitu vilivyo nyuma ya watu husaidia pia. Ukiona magari yanapita kwenye lile daraja jipya la nyaya pale Jinja, picha haiwezi kuwa ya kabla ya Oktoba 2018. Geuza mgongo utafute muhuri wa studio, sanduku la posta, au maandishi ya mkono. Ila tarehe ya rangi ya machungwa iliyochapwa kwenye kona usiiamini peke yake, kwani kamera nyingi hazikuwahi kurekebishwa saa.

Andika watu kwa nafasi zao. "Waliosimama, kushoto kwenda kulia: ... Waliokaa, kushoto kwenda kulia: ..." Asiyejulikana aandikwe "hajulikani," nafasi yake isirukwe, la sivyo wote wanaomfuata watabadilishwa sura.

Andika jina kamili. "Shangazi" wako ni bibi wa mwanao na ni dada wa baba yako. Neno hilo halitamwambia mjukuu kitu. Hapa kwetu kuna ugumu zaidi, kwa kuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja mara nyingi hawashiriki jina la mwisho. Kwa Watooro na Wanyoro kuna empaako, jina la heshima: mtu huitwa Amooti, Akiiki au Abwooli maisha yake yote, na majina hayo kwa jumla ni 12 tu. Albamu iliyoandikwa "Amooti na Akiiki, Hoima" inaweza kuwa ya watu maelfu. Andika empaako kwa sababu ni ya heshima na ndivyo alivyoitwa, lakini weka mbele jina la kuzaliwa, la dini, la baba yake, na kijiji.

Tengeneza ukurasa mmoja wa watu kwenye daftari: kila mtu na jina moja rasmi utakalotumia siku zote, na majina mengine pembeni yake. Usipofanya hivyo, mama mmoja atakuwa watu watatu kwenye kompyuta yako.

Mwaka 2015, kwenye shirika la utangazaji UBC lilifunguliwa kabati lenye negativu takriban 70,000 za wapiga picha wa serikali, na baadhi yake zilionyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda 2019. Negativu zile zilikuwa ndani ya bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Picha zilinusurika, na maana yake ikanusurika nazo, kwa sababu kuna karani alichukua kalamu siku ileile.

Kikao kimefaulu ikiwa mtu asiye wa ukoo anaweza kusoma daftari lako, akatazama picha, na kuonyesha kwa kidole nani ni nani.

## Hatua ya 4: Safisha kidogo, usirekebishe

Puliza vumbi, pitisha brashi kutoka katikati kwenda nje. Basi. Usitumie maji, mate, wala vile vitambaa vya maji vya watoto. Uso wa picha ni utando laini unaoyeyuka na kunata.

Iliyoganda kwenye kioo cha fremu: usiibandue. Safisha kioo kwa nje, uiskani ikiwa ndani yake. Ukiivuta, nyuso zitabaki kwenye kioo.

Albamu za kurasa za gundi na plastiki: pitisha uzi wa meno chini ya picha, taratibu, kama unayekata ugali kwa uzi. Ikikataa, acha. Skani ukurasa mzima.

Zilizoshikamana kwa unyevu: ziweke pembeni kwanza, usizilazimishe zikiwa kavu.

Zenye kuvu: zitenge kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu penye hewa, na uzifanyie kazi mwisho, nje ya nyumba, ukiwa umefunika pua.

## Hatua ya 5: Skani

Mipangilio ifuatayo iweke mara moja, usiibadilishe kila picha.

Ukali: 600 dpi (nukta kwa inchi) kwa picha za kawaida. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa karibu pikseli 2,400 kwa 3,600, inayotosha kuichapisha mara mbili ya ukubwa wake bila kuharibika. Picha ndogo za pasipoti weka 1200 dpi, kwa sababu ndizo mtakazotaka kuzikuza. Kwa wazee wengi ndiyo sura pekee iliyobaki. Negativu za 35 mm zinahitaji 2400 au zaidi.

Rangi: skani zote kwa rangi, hata nyeusi na nyeupe. Ule umanjano na alama za wino ni sehemu ya taarifa, na kuondoa rangi baadaye ni rahisi.

Marekebisho ya kujiendesha: zima yote. Programu ikijaribu "kuboresha," huwafanya watu weusi kuwa majivu au kuwafuta kabisa kivulini. Urekebishaji ufanyike baadaye, kwenye nakala.

Aina ya faili: TIFF kwa picha za thamani kubwa, JPEG ya ubora wa juu kabisa kwa nyingine. TIFF moja ya ukubwa niliotaja ni karibu MB 26, picha elfu moja ni GB 26. JPEG itakuwa MB chache tu. Nafasi ikiwa tatizo, afadhali JPEG nzuri za picha zote kuliko TIFF za nusu yake.

Futa kioo cha skana kila baada ya picha chache. Ukitumia dawa ya kioo, inyunyize kwenye kitambaa. Ukinyunyiza kwenye kioo inapenya ndani na kuacha doa milele. Picha yenye maandishi mgongoni skani pande zote mbili: A2-017a mbele, A2-017b nyuma.

Baada ya picha tano za kwanza simama. Fungua moja kwenye kompyuta, ikuze hadi 100%, uangalie macho. Kope zinaonekana? Kuna mistari inayopita juu hadi chini? Mstari huo ni punje ya vumbi kwenye kioo, na ukiugundua picha ya mia tatu utarudia mia tatu.

Kwa simu: kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, taa za ndani zizimwe. Laza picha mezani, egemeza simu juu ya vitabu ili itazame chini sawasawa, zima mmweko, tumia kihesabu cha sekunde 2 ili mkono usitikise. Kwa picha zinazong'aa, programu ya bure ya Google PhotoScan hupiga mara kadhaa na kuondoa mng'ao. Haifikii skana, lakini mbele ya mzee wa miaka tisini asiyetaka albamu yake iguswe, simu ndiyo inayokupatia picha.

## Hatua ya 6: Zipe faili majina

Fuata mpangilio huu, kuanzia mwaka:

1993-02-00_Kasese_ubatizo_A2-017a.jpg

Mwaka ukiwa mbele, kompyuta inazipanga yenyewe kwa wakati. Siku usiyoijua iwe 00. Kama mwaka ni wa kukisia, andika 1990k, maana yake miaka ya tisini. Namba ya mwisho ndiyo inayounganisha faili, bahasha na daftari, usiiache kamwe. Majina ya watu usiyarundike hapa, yatakuwa marefu mno.

Majina yaingie *ndani* ya faili. Programu ya bure digiKam inakuruhusu kuandika maelezo na majina yakaganda kwenye picha yenyewe. Kwenye mipangilio yake hakikisha umechagua kuandika kwenye faili, siyo kwenye hifadhidata yake pekee. Jaribu: nakili picha kwenye kompyuta nyingine uone kama maelezo yamekwenda nayo.

Folda ziwe chache, moja kwa kila chanzo na albamu. Usijenge folda za "Arusi," "Misiba," "Watoto," kwa sababu picha moja ya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba, ina bibi harusi, mtoto na marehemu. Kutafuta kwa tukio au kwa mtu iachie digiKam.

## Hatua ya 7: Kaseti za video

Kaseti haziwezi kuharakishwa. VHS ya E-180 inachukua saa tatu kuiangalia na saa tatu kuinasa. Na deki zinaisha: kampuni ya Funai ya Japani, iliyotajwa kuwa ya mwisho duniani kuzitengeneza, iliacha Julai 2016. Ukiazima deki nzima leo, nasa kaseti zote kwa mpigo.

Kagua kaseti. Tazama kwenye kidirisha chake, mkanda ukiwa umezungushwa. Weupe kama unga ukingoni ni kuvu. Usiitie kwenye deki, itachafua vichwa, yaani sehemu zinazosoma mkanda ndani ya deki, na vichwa vitachafua kaseti zote zinazofuata. Ipeleke kwa fundi wa mikanda. Zilizo safi, vunja kile kijiplastiki cha nyuma kinachoruhusu kurekodi, ili kosa la kidole lisifute arusi.

Kagua deki. Ijaribu kwa kaseti isiyo na thamani, sinema yoyote ile. Deki iliyolala miaka mingi hutafuna mkanda. Ikionyesha chengachenga, vichwa ni vichafu; fundi avisafishe kwa spiriti safi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Vijiti vya pamba vinanasa kwenye kichwa na kukivunja.

Unganisha. Waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Toka deki, ingia kifaa cha kunasa, kisha USB ya laptopu. Weka mfumo wa PAL, ndio wa Uganda. Kaseti iliyotumwa na ndugu wa Marekani itakuwa NTSC, mfumo wa huko, na kwenye deki isiyoifahamu itaruka au kukosa rangi. Ni kaseti nzima, inatafuta deki ya mifumo yote.

Nasa. OBS Studio ni ya bure na inatosha. Ukubwa uwe 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, ambayo ni kama GB 3.6 kwa saa. Kwenye OBS washa kuondoa mistari (deinterlacing) kwa chaguo la Yadif, la sivyo mtu akitembea atatoka na meno ya kitana. Rekodi kwa MKV, siyo MP4. MP4 ya kawaida hukamilika inapofungwa. Kompyuta ikizimika ghafla dakika ya 170, faili yote haifunguki. MKV itakuachia kila kilichokwisha kunaswa. Ukimaliza, OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4.

Kabla ya kunasa, peleka mkanda hadi mwisho na uurudishe mwanzo mara moja, ili ukae sawa. Nasa dakika tano, sikiliza. Wengi wamemaliza kaseti nzima bila sauti kwa sababu walikagua picha tu. Zima hali ya laptopu kulala. Umeme ukikatika katikati, usianze upya. Rudisha mkanda dakika moja kabla ya ulipokatika uanze faili ya pili.

Kaseti ndogo za kamera, za Video8 na Hi8, zinanaswa vivyo hivyo kutoka kwenye kamera yake. Mini DV ni tofauti: tayari ni dijitali, itolewe kwa waya wa FireWire na itachukua karibu GB 13 kwa saa.

DVD za arusi zinanisumbua kuliko VHS, kwa sababu watu wanadhani ziko salama. Diski za kuchomwa hufifia zenyewe. Nakili folda nzima ya VIDEO_TS, ifungue kwa VLC, uruke hadi robo, nusu na mwisho. Ikigoma, futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzunguka.

Tazama kila video mara moja ukiwa na mzee, uandike dakika na majina: "0:42:10, anayetoa hotuba ni..." Video isiyo na orodha ya dakika hakuna atakayeitazama.

## Hatua ya 8: Nakala tatu

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine. Diski ya kwanza ikae kwako. Ya pili ikae kwa ndugu wa mbali. Mto Nyamwamba ulifurika Kasese na Kilembe mwaka 2013, ukafurika tena 2020. Nyumba yenye diski zote mbili ikifikiwa na maji inaweza kuzipoteza zote kwa usiku mmoja. Kama wewe uko Kasese, yake iwe Arua au Jinja.

Ya tatu iwe mtandaoni. Google hutoa GB 15 za bure, zikijumuisha barua pepe yako, kwa hiyo pakia JPEG za picha muhimu kwanza na video baadaye. Kwenye Google Photos chagua ubora halisi. Nywila ijulikane na watu wawili wa ukoo.

Diski ziandae kwa mfumo wa exFAT. FAT32 hukataa faili inayozidi GB 4, na video zako zitazidi. Flashi ni ya kubebea, usiifanye ghala.

Kila mwaka chomeka diski zote mbili, fungua faili ishirini za kubahatisha. Diski ikianza kutoa mlio wa kugonga, acha kila kitu unakili siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 9: Gawa kwa adabu

Albamu zetu zina majeneza, wagonjwa, wake walioachika, na watu waliovalia sare za jeshi za serikali zilizopita. Tenga folda ya faragha kwa hizo, na usitume kundini kabla ya kuwauliza wahusika au watoto wao. Nyingine zote zitume kama dokumenti, siyo kama picha, ili WhatsApp isizifinye. Tuma kumi kwa juma pamoja na majina. Ukituma mia nne kwa siku moja hakuna atakayezitazama. Ukituma kumi, mtu wa Bweyale ataandika kwamba yule wa tatu kutoka kushoto siye, ni mdogo wake. Irekebishe siku hiyo hiyo kwenye daftari na kwenye faili.

Mzee aliyekupa majina mchapishie picha mbili tatu kubwa, za karatasi, azishike. Ni haki yake.

## Picha zenyewe zikae wapi

Usizitupe wala kuzichoma. Faili inaweza kuharibika, karatasi ikabaki. Zirudi kwenye bahasha zenye namba, bahasha ndani ya sanduku la bati, sanduku juu ya rafu mbali na ukuta na sakafu, kwa ajili ya mchwa na unyevu. Chumba cha kulala ni bora kuliko stoo au dari iliyo chini ya mabati, ambako joto la mchana hupinda kila kitu. Weka vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mvua za Machi hadi Mei zikiisha, na tena zile za Septemba hadi Novemba, fungua sanduku siku ya jua, kivulini, ukague bahasha moja moja, na ubadilishe silika.